Wajuzi wa vipuri vya magari ya kale wasiachwe wapotee

Kuna dhana iliyoenea kwamba mtu anayejitolea kulifufua gari la kale la kijeshi husumbuliwa zaidi na uhaba wa vyuma. Dhana hiyo si sahihi. Vyuma vipo. Vimelala katika nyua za wanunuzi wa chuma chakavu, nyuma ya gereji za mitaani, na katika mashamba ambako gari lililokufa zamani sasa ni mahali pa kuku kutagia. Kilicho adimu ni mtu anayeweza kukitazama chuma chenye kutu akakitaja kwa jina, akaeleza kilitoka katika gari gani na la miaka ipi, kisha akatamka bila kusita kama kitalifaa gari lako au hakitalifaa. Mtu huyo ndiye kipuri cha kwanza, na ndiye tunayempoteza bila hata kuziandika habari zake.

Nayasema haya nikiwa mwalimu wa isimu katika chuo kikuu, wala si mhandisi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikilifufua gari aina ya Land Rover lililokuwa la jeshi, lenye fremu fupi ya inchi 88, lililotengenezwa katika miaka ya 1960. Gari lenyewe limeegeshwa katika ua wa gereji ndogo isiyo mbali na Adams Arcade, Nairobi, na jioni nyingi nikitoka darasani huenda huko nikavua koti. Wenzangu huniuliza isimu na grisi zinahusiana vipi. Jibu langu ni kwamba sijawahi kukaa mahali ambapo thamani ya neno moja sahihi ni kubwa kuliko chini ya gari hilo.

Wengi wanaijua Adams Arcade kama kituo cha matatu ziendazo Ngong au kama njia ya kuingilia soko la Toi. Jengo lenyewe lilijengwa na mfanyabiashara Abdul Habib Adam katika miaka ya 1950, nalo likawa miongoni mwa mahali pa kwanza katika Afrika Mashariki ambapo maduka mengi yalikusanywa pamoja kwa mtindo wa kisasa. Lakini eneo zima limefungamana na habari za jeshi kuliko tunavyokumbuka. Kusini yake ni Kibera, mtaa ulioanza kama makazi ya askari Wanubi waliolitumikia jeshi la King's African Rifles, lile ambalo wazee wetu waliliita Keya. Jina la mtaa huo limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Ukifuata Barabara ya Ngong kuelekea magharibi utafika kwenye makaburi ya vita ambako wamelazwa watu zaidi ya 1,900 waliofariki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ukielekea upande wa Hurlingham utayakuta makao makuu ya Wizara ya Ulinzi. Anayetafuta kipuri cha gari la kijeshi katika sehemu hii ya jiji, basi, anatembea juu ya historia yenyewe.

Historia hiyo ilikuwa ya magurudumu. Mwaka 1940 na 1941, majeshi yaliyokuwa yamekusanywa Kenya yalivuka mpaka wa kaskazini kwenda kuwafukuza Waitaliano kutoka Somalia na Ethiopia. Nchi ile ni kavu na masafa ni marefu mno, na ushindi ulitegemea malori ya kubebea maji, petroli na risasi. Baadaye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapelekwa Burma. Maelfu ya vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland waliingizwa katika kikosi cha usafirishaji na katika kikosi cha mafundi wa umeme na mitambo. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuushika usukani. Waliporejea baada ya mwaka 1945 walikuwa madereva na mafundi, na Kiswahili, kilichokuwa lugha ya kambi, ndicho kilichokuwa kimebeba sehemu kubwa ya ujuzi wao. Mafundi hao waliwafundisha vijana wao, na vijana hao wakawafundisha wengine. Wazee wanaouza vipuri leo ni wajukuu wa mafunzo hayo.

Hebu tuyatazame maneno yao, maana maneno ni ushahidi. Usukani lilikuwa neno la mabaharia kabla ya kuwa la madereva. Ni ule ubao wa nyuma unaoelekeza jahazi, na asili yake ni Kiarabu. Parafujo tuliichukua kwa Wareno. Gari lenyewe ni neno la Bara Hindi. Spana, boliti, nati, gia, breki, klachi na shafti ni wageni wa Kiingereza waliopewa uraia zamani. Fundi akizungumza kwa dakika tano tu amekwisha kupita Arabuni, Ureno, Bara Hindi na Uingereza bila kuondoka mahali alipolala chali.

Hata hivyo, jina la jumla halitoshi. Katika darasa la mwanzo la isimu huwafundisha wanafunzi kwamba tofauti ndogo ya sauti hubadili maana: pata si bata, na fua si vua. Mzungumzaji wa lugha huitambua tofauti hiyo bila kufikiri, ilhali mgeni huisikia kwa shida. Vipuri navyo vina tofauti za namna hiyo. Land Rover za fremu fupi za miaka ile zina ngoma za breki za inchi 10. Zile za fremu ndefu, za inchi 109, zina ngoma za inchi 11. Ukiviweka vipuri vya hizi mbili mezani, macho yasiyozoea hayaoni kitu. Lakini gari litakaloteremka mteremko likiwa na breki isiyo yake halitauliza kama mwenyewe alijua.

Niliwahi kwenda katika Barabara ya Kirinyaga, ambayo wakongwe wa biashara hiyo bado wanaiita Grogan, nikitafuta silinda ndogo za breki. Katika duka la kwanza kijana mmoja mchangamfu alinitolea kiboksi kipya kinachometameta. "Hii inaingia Land Rover zote, bosi. Chukua tu." Hakuniuliza swali hata moja. Katika kibanda cha tatu nilimkuta mzee aliyekuwa akinywa chai. Sikupewa kitu, nilipewa maswali. Fremu ni fupi au ndefu? Injini ni ya petroli au ya dizeli? Lilikuwa gari la polisi ama la jeshi? Nilipomjibu alikitwaa kipuri kimoja kutoka rafuni, akakigeuzageuza, akakirudisha. "Mwalimu, hii nikikuuzia nitakuwa nimekuuzia jeneza. Nenda kwanza ukailete ile kuukuu tuilinganishe."

Ndugu msomaji, pima mwenyewe maana ya tendo hilo. Mfanyabiashara aliyekuwa na kodi ya kibanda ya kulipa alikataa fedha kwa sababu hakuwa na hakika. Lile swali lake kuhusu jeshi na polisi halikuwa la udadisi. Magari ya kijeshi yaliyotengenezwa kwa ajili ya kubeba redio yalikuwa na umeme wa volti 24, ilhali ya kawaida yalikuwa na volti 12. Aidha, katika miaka hiyo hiyo ya 1960 watengenezaji walibadili utaratibu wa waya wa betri unaofungwa kwenye mwili wa gari: wa awali ulikuwa ule wa chanya, na baadaye ukawa wa hasi. Anayeuza kifaa cha umeme bila kuuliza habari hizo anauza moshi.

Au tuchukue boliti, kitu kinachodharauliwa kuliko vyote. Katika Land Rover za zamani mna boliti za hesi za kale za Kiingereza, na humo humo mna za hesi zilizokuja baadaye. Nazo za kipimo cha mili, ambazo ndizo zinazojaa madukani leo, ni jamaa wa tatu. Boliti ya jamaa asiyehusika inaweza kuanza kuingia vizuri kabisa, ikazunguka mara mbili au tatu, kisha ikala hesi za nati na kuharibu tundu ambalo lilikuwa zima kwa miaka 60. Mjuzi huitambua kwa kuipitisha ukucha. Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu, na sijapata kuona kifaa cha maabara kinachonishangaza zaidi ya ukucha ule.

Magari ya Kimarekani nayo yana siri zake. Kati ya mwaka 1941 na 1945 yalitengenezwa magari madogo ya jeep yanayozidi 600,000, mengi na kampuni ya Willys na yaliyobaki na kampuni ya Ford. Kwa kuwa mchoro ulikuwa mmoja, watu hudhani magari yenyewe ni mamoja. Lakini Ford waliipiga herufi F katika vipuri vyao, hata katika vichwa vya boliti. Anayetaka kulirejesha gari lake kama lilivyotoka kiwandani anaitafuta herufi hiyo chini ya tabaka tatu za rangi, na muuzaji anayejua hukwangua kwanza ndipo ataje bei.

Mfano unaonivutia zaidi mimi, kwa sababu ya kazi yangu, ni ule wa namba. Vipuri vingi vya kijeshi vilivyotoka Uingereza na nchi washirika wake vimeandikwa namba ya tarakimu 13. Asiyejua huiona kama mchanganyiko usio na maana. Kumbe ni neno lenye viambishi, na lina sarufi. Tarakimu nne za kwanza hutaja jamii ya kitu: 2530 ni breki, usukani, ekseli na magurudumu, 2520 ni vyombo vya kupeleka nguvu za injini kwenye magurudumu, 2910 ni mfumo wa mafuta wa injini. Mbili zinazofuata hutaja nchi iliyokisajili kipuri hicho, na 99 ni Uingereza. Saba za mwisho ni za kitu chenyewe. Mzee yule wa Grogan hajawahi kukaa katika darasa la mofolojia, lakini huichambua namba hiyo kwa kasi ambayo ningependa kuiona kwa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu. Kipuri kikiwa na alama ya mshale mpana hukiweka kando, kwa maana anajua mshale huo ni alama ya kale ya mali ya serikali ya Uingereza.

Sasa tuulize: ujuzi huu umehifadhiwa wapi? Kwa upande wa watengenezaji jibu ni rahisi. Jeshi la Marekani lilichapisha kitabu cha matengenezo ya jeep mwaka 1944, kilichopewa namba TM 9-803, na hata leo mtu aliye Nairobi anaweza kupata nakala yake. Land Rover nazo zina vitabu vyao vya orodha ya vipuri. Katika nchi hizo kuna vyama vya wapenzi wa magari ya vita, maonyesho ya kila mwaka, na wauzaji wanaozeekea katika kazi hiyo wakiwa na heshima ya wataalamu. Lakini vitabu vile havisemi ni kipuri gani cha gari lingine kilipatikana kuwa mbadala mzuri huku kwetu wakati cha asili kilipokosekana, wala havisemi ni kipi kilijaribiwa kikaua watu. Hiyo ni elimu ya hapa, iliyopatikana kwa majaribio ya miaka mingi, na imehifadhiwa katika vichwa vya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Wahenga walituonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Mambo kadhaa yanaiharakisha hasara hiyo. La kwanza ni mizani. Mnunuzi wa chuma chakavu hana haja ya jina la kitu. Anachotaka ni uzito wake. Ekseli ya lori lililokwenda Ethiopia mwaka 1941 na kipande cha geti la juzi ni kitu kimoja mbele ya mizani, na vyote viwili huishia katika tanuri vikatoka vikiwa nondo za kujengea. Bunge lilipitisha Sheria ya Vyuma Chakavu mwaka 2015, na Januari 2022 serikali iliipiga marufuku biashara hiyo kwa miezi kadhaa baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, kisha ikairuhusu tena. Hatua hizo zililenga wizi, na ni haki kuuzuia wizi. Lakini hakuna kifungu cha wizi kitakachokiokoa kipuri kilichouzwa kihalali na mjane ambaye hakuna aliyemwambia thamani yake.

La pili ni mabadiliko ya soko. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane. Kanuni hiyo ina sababu zake nzuri, za usalama na za hewa safi. Matokeo yake kwa wauza vipuri ni kwamba bidhaa hubadilika upesi, na kijana anayeingia katika biashara hana sababu ya kujifunza gari lililozaliwa kabla ya baba yake. Simlaumu kijana huyo. Anauza kinachonunuliwa. Naye Mamlaka ya jiji inapopanua barabara, kama ilivyofanyika kwa Barabara ya Ngong katika miaka iliyopita, vibanda vya kandokando ndivyo vinavyoondoka kwanza, na mzee wa umri mkubwa akishaondolewa mara moja hafungui kibanda kingine. Anarudi kijijini na kichwa chake.

La tatu ni bidhaa ghushi. Tunayo sheria ya kupambana nazo tangu mwaka 2008, na mamlaka ya kuitekeleza. Hata hivyo afisa hawezi kusimama katika kila duka. Aliye dukani kila siku ni muuzaji, na anayeweza kuitambua beringi ya uongo kwa kuizungusha tu sikioni ni muuzaji aliyezizungusha za kweli kwa miaka 40. Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Katika habari za breki kidonda hicho hakiponi.

La nne ni sisi wateja, na hapa lazima tuambiane ukweli. Tunamsimamisha mzee nusu saa nzima, tunamchota elimu yote, tunamwambia "asante, nitarudi", kisha tunanunua kwa jirani aliyepunguza shilingi mia mbili. Wakili hulipwa kwa kuulizwa. Daktari hulipwa kwa kuulizwa. Mjuzi wa vipuri hulipwa tu pale anapouza, na kila anaposema kwa uaminifu kwamba kitu fulani hakitufai anajinyima chakula. Soko la namna hii linamwadhibu mkweli na kumtuza mwongo mchangamfu. Tukishangaa baadaye kwamba waongo wameongezeka, mshangao wetu hauna haki.

Najua kuna msomaji ambaye amekwisha kukasirika. Atauliza: kwa nini tuyalilie magari ya vita, tena ya wakoloni? Swali hilo lina uzito, na anayelipuuza haijui nchi hii. Aprili 24, 1954, Waingereza walipoanza msako mkubwa walioupa jina Anvil hapa Nairobi, maelfu ya watu walikamatwa, wakapakiwa katika malori ya kijeshi na kupelekwa kizuizini. Kwa familia nyingi za Kenya ya kati, mlio wa Land Rover ikipanda kilima usiku haukuwa habari njema hata kidogo. Yako magari ambayo, yakifufuliwa na kupakwa rangi mpya, kuna bibi atakayeyatazama na kulia.

Ndiyo hasa sababu ya kuyahifadhi. Shahidi hauawi kwa kuwa ushahidi wake unauma. Mtoto wa shule akisimama nyuma ya lori la miaka ile, akaona jinsi kitanda chake kilivyo kifupi, kisha akaambiwa watu wangapi walisukumwa humo, ataelewa jambo ambalo ukurasa wa kitabu hauwezi kumwelewesha. Vivyo hivyo akiambiwa kwamba dereva wa lori kama hilo katika njia ya Ethiopia alikuwa kijana wa Machakos au wa Kisumu, aliyeitengeneza shafti iliyokatika kwa mikono yake akiwa jangwani, atapata sababu ya kujivunia ambayo wakoloni hawakukusudia kumpa. Gari moja linaweza kubeba historia zote mbili. Ila haliwezi kubeba hata moja likiwa limeunganishwa kwa vipuri vya uongo, kwa sababu hapo linakuwa sanamu ya gari.

Sheria yetu ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 haisaidii sana. Inapoeleza maana ya kitu cha kale kinachohamishika, inataja kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Hakuna gari la kijeshi la injini linaloweza kuufikia mwaka huo. Sheria hiyo hiyo inatoa nafasi ya kutangaza vitu vingine vyenye umuhimu wa kihistoria kuwa vimelindwa, lakini tangazo huhitaji mtu wa kulipendekeza, na mpendekezaji huhitaji kujua kitu anachokitazama ni nini. Tunarudi pale pale: kwa mjuzi.

Mimi ninapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

Kwanza, kila idara ya serikali inapouza magari yake makuukuu kwa mujibu wa Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015, iyauze pamoja na daftari zake za matengenezo na vitabu vya vipuri, pale ambapo hakuna siri ya ulinzi. Gari la kijeshi bila karatasi zake ni mtu bila jina. Sioni faida ya kuuza chuma na kuchoma maelezo yake.

Pili, ujuzi wa wauzaji hawa upewe cheti. Tayari nchi inayo mitihani ya ufundi inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, na inao utaratibu mpya wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini bila kupitia darasani. Utaratibu huo umewafikiria zaidi watengenezaji, yaani mwashi, seremala na makanika. Muuzaji anayeweza kutofautisha vipuri elfu moja kwa macho na vidole naye ni mtaalamu. Apimwe, na akifaulu, cheti chake kitundikwe kibandani ili mteja ajue anazungumza na nani.

Tatu, sisi wateja tujifunze kulipia ushauri. Pawe na ada ndogo ya kuuliza, kama ilivyo ada ya kumwona daktari, ikatwe katika bei mtu anaponunua. Wapenzi wa magari ya kale wanaokusanyika kila mwaka katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, kwenye mashindano ya urembo wa magari yaliyoanza mwaka 1970, wana uwezo wa kulianzisha jambo hili. Siku ile macho ya watazamaji huwa kwa mwenye gari na kwa rangi inayong'aa. Lingekuwa jambo la heshima kama kando ya kila gari pangeandikwa pia vipuri vyake vilipatikana kwa msaada wa nani.

Nne, na hili linatuhusu sisi wa vyuo vikuu moja kwa moja, maneno haya yaandikwe. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, nasi tumekuwa tukilalamika kila uchao kwamba istilahi za kiufundi hazitoshi. Tunakaa katika vikao tukibuni maneno ya vitu ambavyo havijawahi kuguswa na yeyote kikaoni, halafu tunashangaa mafundi wakiyakataa. Ilhali katika vibanda vya Kirinyaga, Gikomba na Barabara ya Ngong kuna msamiati ulio hai, uliojaribiwa kwa nyundo, wenye majina ya sehemu, ya kasoro, ya milio ya injini na ya namna chuma kinavyochoka. Kamusi zetu kubwa zimeugusa kwa ncha ya kidole tu. Kabla ya kubuni neno jipya tungemuuliza kwanza anayekitumia kitu hicho anakiitaje.

Kazi yenyewe si ngumu. Kinahitajika kinasa sauti, kamera, rula, na subira ya kukaa juu ya tairi kuukuu kwa muda mrefu bila kumkatiza mwenyeji. Kila kipuri kipigwe picha, kipimwe, kiandikwe jina lake la kitabuni, jina lake la gerejini, gari lake la asili na magari mengine yanayoweza kukipokea. Kila mwaka idara za Kiswahili na za isimu hupokea wanafunzi wa uzamili wanaozunguka wakitafuta mada za tasnifu, na wengi hurudia yale yale yaliyokwisha kuandikwa mara kumi. Wangu wa mwaka huu nimewaambia wapande matatu hadi mjini, washuke, na watafute kibanda ambamo muuzaji huuliza maswali kabla ya kutaja bei. Wawili wamekwisha kwenda. Mmoja amerudi na maneno 140 ambayo sikuyakuta katika kamusi yoyote iliyo rafuni mwangu, na ujumbe kutoka kwa mzee kwamba arudi Jumanne, asubuhi, kabla jua halijawa kali.